Pampu Ikifa, Nyingine Itanunuliwa na Nani?

Mazungumzo na wanavikundi wa Msambweni na Diani



Tutaanza mbali kidogo, mtuvumilie. Ofisini kwetu tulipata mgeni, mama mmoja kutoka nchi ya baridi, ile baridi ya kugandisha maji barabarani. Alituambia kwamba kwao nyumba nyingi zina tangi la chuma la kupashia maji moto. Tukacheka, maana huku kwetu maji ya moto ni ya mzazi na mtoto wake mchanga, na labda ya mzee wakati wa kusi, mwezi wa saba. Kwao si jambo la kuchekesha. Ndani ya tangi hilo mna fimbo ya madini, magnesiamu, na kazi yake ni kuliwa tu. Maji yanaila fimbo badala ya kula chuma cha tangi. Ikiisha unatia nyingine, na bei yake ni ndogo. Lakini nani anakumbuka kuangalia? Yule mama hakuangalia. Baada ya miaka kumi na kitu tangi likatoboka, tena katikati ya baridi kali, na fundi akataja bei aliyoitaka. Alijua huyu hana siku ya kungoja.

Tuliposikia hivyo tukatazamana. Hiyo si ndiyo pampu yetu?

Wazee waliopo hapa wanakumbuka pampu za mkono zilivyokuja. Ule ulikuwa muongo wa maji wa Umoja wa Mataifa, 1981 hadi 1990. Kwale ilikuwa moja ya mahali ambapo pampu hizi zilijaribiwa, na humu ndimo Afridev ilimotengenezwa ikatengenezeka, pamoja na kazi iliyofanyika Malawi. Ilikusudiwa iwe pampu ya mwanakijiji. Spana moja inafungua karibu kila kitu, na mama wawili waliofundishwa wanaweza kutoa pistoni na valvu ya chini bila kung'oa mabomba. Shirika la KWAHO lilifundisha akina mama kazi hiyo hapa hapa, wakati watu wengine bado wanasema mwanamke na spana wapi na wapi.

Sasa basi. Pampu ya kwanza ililetwa na mradi. Ya pili italetwa na nani? Tukiuliza hivyo kwenye mikutano, watu hutazama chini. Mmoja husema serikali ya kaunti. Mwingine husema mfadhili. Kaunti ina wajibu wa maji tangu Katiba ya 2010, hilo ni kweli, na tuendelee kuidai. Lakini siku pampu inapokatika, mtungi uko kichwani mwa nani? Si wa kaunti.

Tufanye hesabu pamoja, na hizi ni tarakimu za mfano tu, kila kikundi kiweke zake. Tuseme nyumba 50 zinachota kisima kimoja. Tuseme pampu nzima, pamoja na mabomba, rodi, gari la kuileta na fundi, ni shilingi 150,000, na itakaa miaka 10. Ni 15,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa nyumba 50 ni shilingi 300 kwa mwaka, yaani 25 kwa mwezi kila nyumba. Hii ni mbali na pesa za matengenezo madogo.

Haya, tuseme hatukuweka. Pampu imekufa na tunanunua maji ya mkokoteni, mtungi shilingi 20, mitungi minne kwa siku. Ni shilingi 80 kila nyumba. Nyumba 50 ni 4,000 kwa siku moja. Baada ya siku 38 tumemlipa mwenye mkokoteni bei ya pampu nzima, na pampu hatuna. Na wale wasio na hiyo 80, tunajua wanachota wapi. Wanarudi kwenye kisima cha wazi cha ndoo na kamba, na watoto wanaharisha.

Hapa lazima tuseme kosa letu wenyewe. Miaka ya nyuma sisi, ofisi hii, tuliwashauri vikundi wasiache pesa ya pampu ikae bure. Tulisema ikopesheni kwa wanachama, irudi na faida. Ilionekana busara. Kikundi kimoja upande wa Msambweni kilitusikiliza sana. Januari pesa zote zikatoka kulipa karo. Februari, jua la kaskazi, rodi zikakatika ndani ya kisima. Mweka hazina alikuwa na daftari safi kabisa, kila jina na kila shilingi, lakini sanduku halikuwa na kitu. Waliokopa walitegemea mahindi ya mwezi wa nane. Wanawake wakaanza kumsema mweka hazina, naye hakuiba hata senti. Mpaka leo hasalimiani na jirani yake. Pampu ilitengenezwa Mei, mvua imeshanyesha, kila mtu ana maji ya mabati, na hakuna aliyetaka tena kutoa mchango.

Hilo la mvua si la kikundi kile peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwahi kupitia madaftari ya kamati za visima vya Kwale, ya miaka mingi. Waliona watu hulipa kidogo wakati wa mvua, na hulipa kidogo pia pale maji yana chumvi au kisima kingine kiko karibu. Sisi tungesema, mbona mngetuuliza! Lakini kuna jingine walilolionyesha kule Kyuso, Kitui. Pale mafundi walipopewa njia ya kujua mapema kwamba pampu imesimama, muda wa kungoja ulishuka kutoka karibu mwezi mzima hadi chini ya siku tatu, na watu wakawa tayari kulipa zaidi. Mtu halipii pampu. Analipia maji kuwepo kesho.

Kwa hiyo tunageuza ushauri wetu. Pesa ya kununua pampu nyingine isikopeshwe, hata kwa mwenyekiti, hata kwa msiba. Tunajua neno hili ni gumu. Msiba una mchango wake, na uwe na sanduku lake. Meri-go-raundi iendelee kama kawaida na fungu lake mbali. Hili la pampu likae benki au Sacco kwa sahihi za watu watatu, na salio lisomwe mbele ya watu kila mkutano, hata kama ni lile lile la mwezi uliopita.

Kumbukeni pia shilingi haisimami. Vifaa vingi hutoka nje, hasa India. Mwaka 2019 dola ilikuwa kama shilingi 103, na Januari 2024 ikafika 160 kabla ya kushuka tena. Aliyeweka akiba kwa bei ya 2019 alijikuta pungufu bila kuibiwa. Kila Januari mtu mmoja aende dukani aulize bei, aiandike.

Ile fimbo ya kuliwa na sisi tunayo. Ni raba ya pistoni, ni bushi za plastiki kwenye mpini. Ni vitu vidogo. Zikilika ukaziacha, mpini unacheza, rodi zinasuguana na bomba, na kitu cha mia chache kinaua kitu cha maelfu. Badilisheni kila mwaka, zisisubiri kulia. Na fundi akisema pampu yote imekufa, mwambie atoe kilichokufa kiwekwe chini ya mwembe watu wakione. Mara nyingi ni rodi mbili tatu tu. Kule maji yana ukali, rodi za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki huliwa haraka. Za chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi, lakini hutanunua tena karibuni.

Na kama fundi ameshawaambia rodi zimekuwa nyembamba, msingoje zikatike. Chagueni mwezi wa sita, maji yako kila mahali na nyinyi hamna haraka. Fundi ataona kwamba mnaweza kungoja, na atataja bei nyingine.

Mkutano ujao ni hapa hapa, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kila kikundi kije na daftari lake, na mwaka pampu yake ilipofungwa. Wasiojua mwaka wamuulize mama aliyekuwa akishika spana, kama bado yuko.