Uso Usiocheka: Warusi Nilivyowajua

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, na kuandikwa tena kwa wasomaji wa jarida hili)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu, na wewe ndugu msomaji ambaye siku ile hukuwepo: tangu nirudi likizo sijapumzika. Kila nikitoka msikitini naulizwa maswali yale yale. Warusi ni watu gani? Ni kweli hawacheki? Wako Waislamu kule? Wanakula nini? Na wewe mtoto wa Mombasa, hiyo baridi unaiweza vipi? Nikaona bora nijibu mara moja, wote msikie.

Mimi si mtaalamu. Ni mwanafunzi tu, niliyefika mji wa Kazan mwezi wa Oktoba 2024 kusoma lugha ya Kirusi kwanza, ndipo nianze uhandisi. Na nchi yenyewe ni kubwa mno. Ina kanda 11 za saa: watu wa magharibi wakinywa chai ya asubuhi, wenzao wa mashariki ya mbali wanarudi kutoka kazini. Kwa hivyo nitasema niliyoyaona, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mama wa mlangoni

Kila hosteli ya wanafunzi kule ina mlinzi wa mlango, na mara nyingi ni mama mtu mzima. Anakaa kwenye kijumba cha kioo, anaangalia kitambulisho chako, anatunza funguo. Wetu alikuwa hacheki. Nikimwamkia, anatikisa kichwa tu. Ilipoingia Novemba akaanza kunipigia kelele kila nikitoka: "Shapka!" Nikauliza maana yake, nikaambiwa ni kofia. Sasa mimi nikasema, huyu ananihusu nini? Kichwa ni changu.

Siku moja nikampigia simu mamangu, nikamweleza: "Mama, hapa mlangoni pana mwanamke hana huruma hata chembe. Nafikiri anatuchukia sisi weusi." Nikawasimulia na rafiki zangu wa hapa nyumbani, tena kwa kuongeza chumvi, wakacheka. Yule mama akawa ndio mfano wangu wa Warusi wote.

Shikeni hapo, nitarudi kwake.

Kwa nini hawacheki?

Kwetu pwani ukipita barazani bila salamu na tabasamu, utaambiwa una kiburi. Kule tabasamu ni la mtu unayemjua. Muuza duka hakuchekei kwa sababu yuko kazini na kazi ni jambo la maana. Wana msemo wao kwamba kucheka bila sababu ni dalili ya upumbavu. Kwa hivyo wewe mgeni unayemchekea kila mtu ndani ya basi, wao ndio wanajiuliza una nini.

Lakini subiri ualikwe nyumbani. Mlango ukishafunguka, ni watu wengine kabisa. Kwanza usimpe mwenyeji mkono ukiwa bado nje. Kusalimiana juu ya kizingiti wanaona ni nuksi. Ingia ndani, vua viatu, utapewa ndara za wageni. Kisha utaketishwa mezani, na hapo hutoki mpaka ushibe, na ukishashiba utaongezwa.

Chakula chao kina supu nyingi, kama ile ya rangi nyekundu ya kiazisukari inayoitwa borshch. Kuna mkate mweusi wa shayiri ya rai, na nafaka iitwayo grechka inayopikwa kama tupikavyo wali. Familia nyingi zina kijumba na shamba dogo nje ya mji, wanaliita dacha. Wakati wa joto wanalima viazi na matango, wanachuma matunda madogo ya msituni, na uyoga ukifika msimu. Kisha wanatia achari na jemu kwenye mitungi ya kioo, akiba ya miezi ya theluji. Ukipewa mtungi wa jemu ya dacha, jua umepewa jasho la mtu.

Na kinywaji chao cha kila saa ni chai. Nao wanaiita chai vile vile! Neno la kwanza la Kirusi nililolijua lilikuwa neno la kwetu.

Pombe ipo, na nguruwe yupo, sitaficha. Nimejifunza kusema mapema na kwa adabu kwamba mimi ni Muislamu, sinywi na sili. Wengi huelewa upesi. Ukienda, jifunze neno svinina, yaani nyama ya nguruwe, kabla ya kujifunza neno la asante.

Adabu zao nyingine

Mtu anayeheshimiwa haitwi kwa jina lake peke yake. Linaongezwa jina la baba yake. Ivan mtoto wa Pyotr anaitwa Ivan Petrovich, na Anna binti Ivan anaitwa Anna Ivanovna. Mimi sikuona taabu, maana na sisi wazee wetu ni fulani bin fulani. Pia wana "wewe" mbili: ty ya rafiki na mtoto, na vy ya mkubwa na mgeni. Ukimwambia mwalimu ty, umemvunjia heshima.

Darasani huingii na koti. Chini ya jengo pana mahali pa kukabidhi makoti, unapewa kibati chenye nambari. Ukilisahau ukaingia nalo, mwalimu anakurudisha.

Na maua! Tarehe 8 Machi ni siku ya wanawake, sikukuu kubwa, na kila mwanafunzi humpelekea mwalimu wake maua. Nikaenda dukani, nikataka manne. Muuzaji akanitazama, akaniuliza nani amekufa. Kumbe idadi shufwa, yaani mawili, manne, sita, ni ya mazishini. Ya mtu aliye hai ni witri: moja, matatu, matano. Nikasema kumbe na hawa wana witri yao.

Waislamu wako

Hapa wengi hushangaa. Kazan ni mji mkuu wa Tatarstan, na Watatari wengi ni Waislamu tangu zama za kale. Mwaka 921 Khalifa al-Muqtadir alituma ujumbe kutoka Baghdad kwenda kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, si mbali sana na ilipo Kazan leo. Katika ujumbe ule alikuwemo Ibn Fadlan, aliyeandika habari za safari. Walifika mwaka 922. Anasimulia kwamba usiku mmoja alikaa hemani na mshoni mmoja mtu wa Baghdad, wakizungumza huku wakingojea adhana ya Isha. Adhana ikasikika, wakatoka nje, kumbe alfajiri imeshaingia! Ndivyo usiku ulivyo mfupi kule siku za joto.

Mwaka 1552 mfalme Ivan wa Nne aliiteka Kazan, na msikiti mkuu ukavunjwa. Miaka ya dhiki ikapita, mpaka zama za malkia Catherine wa Pili, aliyewaruhusu Waislamu wa Kazan kujenga misikiti ya mawe. Msikiti wa Marjani, uliojengwa miaka hiyo ya 1766 hadi 1770, mpaka leo unaswaliwa. Na mwaka 2005 ulifunguliwa msikiti mpya wa Kul Sharif ndani ya ngome ya Kazan, mahali ambapo pia lipo kanisa kuu la kale.

Lugha ya Watatari nayo itakufurahisha. Kitabu ni kitap, wakati ni vakyt, akili ni akyl, habari ni khabar. Asante ni rakhmat. Nikisikia hivyo sokoni nilikuwa natabasamu peke yangu, na Warusi wakinishangaa.

Ramadhan ya 2025

Sasa turudi kwa yule mama.

Ramadhan iliingia mwanzo wa Machi, theluji bado iko chini. Jua lilitua mapema, saa kumi na moja na kitu jioni, kwa hivyo saumu yenyewe haikuwa ndefu. Tabu yangu ilikuwa daku. Jiko letu la pamoja lilifungwa usiku, na ufunguo anao yeye. Nikajikaza, nikamweleza kwa Kirusi changu kibovu kwamba mwezi huu tunakula kabla ya alfajiri. Akanisikiliza, hakucheka, hakununa. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Usiku wa manane nikaukuta mlango wa jiko uko wazi.

Siku ya nne au ya tano usingizi ukanichukua, daku ikanipita. Siku ya pili yake, saa kumi kasorobo, nikasikia mlango wangu unagongwa. Bum, bum! Nikafungua macho nikidhani pana moto. Ni yeye. Ameona ufunguo wa jiko haukuchukuliwa jana yake, akajua nimelala. Kule mlinzi hufanya kazi siku nzima kisha hupumzika siku tatu, lakini hata siku asizokuwepo niligongewa. Aliwaachia wenzake maagizo kwenye lile daftari.

Vijana wenzangu, nilikulia mtaa ambao wapita njia hupiga makopo na ngoma kuamsha watu kula daku. Sikufikiria kamwe kwamba kule mbali atakayeniamsha atakuwa mama wa Kikristo. Na siku hizo hizo naye alikuwa na mfungo wake wa Kwaresima, ambao mwaka ule ulianza tarehe 3 Machi. Hali nyama, mayai wala maziwa. Aliniuliza, "Hata maji?" Nikamwambia hata maji. Akatikisa kichwa, akaniwekea mezani mtungi wa jemu ya dacha.

Usiku ule nikampigia mamangu kumweleza. Nilitarajia afurahi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, miezi yote hii ulikuwa ukimla nyama mama wa watu, na sisi ukatulisha. Kesho kabla ya kufuturu, kamtake radhi."

Sote tumesoma Suratul Hujurat madrasa. Tunaijua aya inayokataza dhana na kusengenyana, na ile inayofuata, kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Mimi nimeihifadhi tangu nina miaka tisa. Na bado nilimhukumu mtu kwa sababu hana meno ya kunionyesha.

Nikaenda. Nikamwita kwa jina lake na la baba yake, ambayo sitayataja hapa. Nikamwambia nilimdhania vibaya na nikamsema vibaya. Sijui alielewa kiasi gani. Alinitazama, akasema: "Vaa kofia."

Naye rafiki zangu niliowasimulia zile hadithi, nimewafuata mmoja mmoja kuzifuta. Hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko saumu.

Kwa anayetaka kwenda

Sitawadanganya kwamba wote ni kama yeye. Wako walionitolea maneno ya ubaguzi, na yupo aliyehama kiti nilipokaa. Lakini hao niliwajua kwa matendo yao, si kwa nyuso.

Na jambo hili lina upande wa pili, ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza. Vijana wengi wananiuliza namna ya kufika Urusi kufanya kazi. Nchi ile iko vitani na Ukraine tangu Februari 2022. Novemba 2025 serikali yetu ilieleza kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi. Wapo waliosimulia kwamba waliahidiwa kazi za kawaida, wakatiwa saini mikataba ya lugha wasiyoisoma, wakajikuta vitani. Wako waliokufa, na wazazi wao wako hapa hapa Kenya.

Nakuomba ndugu yangu: wakala anayekuchekea, anayekuita "bro", anayekulipia tiketi na kukuharakisha utie saini leo leo, muogope. Usiweke saini karatasi ya Kirusi mpaka isomwe na mtu unayemuamini, asiyepata kitu kwa wewe kwenda. Pita wizarani, uliza. Mwambie mzazi wako kabla, si baada. Mimi nimeona uso mkavu ulioniamsha nile, na nimesikia habari za nyuso za tabasamu zilizouza watu.

Siku nilipohama hosteli ile nilishuka na mabegi yangu, nikataka kuaga haraka. Mama akaniashiria nikae. Ni desturi yao: msafiri na wanaobaki huketi kimya kidogo kabla ya safari. Tukakaa, yeye kwenye kiti chake, mimi juu ya begi. Hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa nikisoma dua ya safari moyoni. Kisha akasimama, akanifungulia mlango. Kofia nilikuwa nayo mkononi, ingawa ilikuwa ni wakati wa joto. Nilimwonyesha.

Hapo ndipo alipocheka.

Mwenyezi Mungu azikubali saumu zetu, atusafishe ndimi zetu na dhana mbaya, na awarudishe salama vijana wetu walioko mbali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.