Shoka Lililozikwa Birmingham



Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii yawafaa sana watu wa jimbo la Alabama, lililoko kusini mwa Marekani. Watu hao wamegawanyika makundi mawili kwa ajili ya mpira tangu mwaka wa 1893, lakini mara kadhaa wamejikuta wakisimama bega kwa bega. Habari yao yastahili kusikilizwa na kila apendaye michezo, kwa maana ndani yake mna mafunzo juu ya fahari ya nchi, juu ya ushindani, na juu ya mambo ambayo ushindi peke yake hauwezi kuyatengeneza.

Kwanza yafaa ieleweke mpira wenyewe ni upi. Huo si mpira wa miguu uchezwao Nairobi, Kisumu au Mombasa. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai. Wachezaji ni 11 kila upande, na kazi yao ni kuubeba au kuurusha mpaka waufikishe ng'ambo ya mstari wa mwisho wa wapinzani wao. Timu ifanikiwayo hupata pointi 6, kisha hupewa nafasi ya kuongeza nyingine kwa kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti. Jambo liwashangazalo wageni ni kwamba timu zipendwazo kupita zote katika Alabama ni za vyuo vikuu. Jimbo hilo halina timu katika ligi kuu ya taifa ya wachezaji wa kulipwa. Kwa hiyo mkulima, fundi na mwenye duka, hata kama hawakupata kukanyaga darasa la chuo, humhesabu kijana achezeaye chuo kuwa ni mtoto wao.

Vyuo vyenyewe ni viwili. Chuo Kikuu cha Alabama kilifunguliwa mwaka wa 1831 katika mji wa Tuscaloosa, nacho kilijulikana kwa kuwafundisha wanasheria, waganga na wanasiasa. Cha pili kilianzishwa mwaka wa 1856 katika mji wa Auburn, kikawa chuo cha kilimo na ufundi, na tangu mwaka wa 1960 kinaitwa Chuo Kikuu cha Auburn. Timu hizi mbili zilikutana mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1893 mjini Birmingham, na Auburn ikashinda kwa pointi 32 kwa 22.

Urafiki huo haukudumu. Mwaka wa 1907 timu zilitoka sare, 6 kwa 6, na baada ya hapo wakubwa wa vyuo wakabishana juu ya mchezo wa mwaka uliofuata. Walibishana juu ya idadi ya wachezaji watakaosafiri, juu ya posho ya chakula na malazi, na juu ya mahali atakapotoka mwamuzi. Hesabu ya fedha waliyotofautiana ilikuwa dola 34 tu. Hata hivyo kila upande ulishikilia neno lake, wakati ukapita, na mchezo haukuchezwa. Kutocheza kwa mwaka mmoja kukawa mazoea, na mazoea yakawa uadui. Miaka 41 ikapita pasipo timu hizo kukutana uwanjani. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa na kupata watoto wao, bila kupata kuuona mchezo ambao baba zao waliusimulia.

Katika miaka hiyo ya kununiana ndipo lilipotokea jambo la kwanza la kuonyesha nguvu ya fahari ya jimbo. Timu ya Alabama, ikifundishwa na Wallace Wade, ilialikwa kwenda Pasadena, California, kucheza na timu ya Chuo Kikuu cha Washington tarehe 1 Januari 1926. Nyakati hizo watu wa majimbo ya Kusini walidharauliwa. Walikuwa wameshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1861 hadi 1865, nchi yao ilikuwa maskini, na wengi walidhani kwamba hata katika mpira hawawezi kushindana na wenzao.

Kipindi cha kwanza kilielekea kuthibitisha dharau hiyo, kwa kuwa Washington waliongoza kwa pointi 12 kwa 0. Lakini baada ya mapumziko Alabama walifunga pointi 20 kwa mfululizo. Washington wakarudi tena, na mchezo ukaisha 20 kwa 19. Garimoshi lililowarudisha vijana hao nyumbani lilipokewa na makundi ya watu njiani, na si watu wa Tuscaloosa peke yao waliofurahi. Mwalimu wa timu ya chuo cha Vanderbilt, ambacho kilikuwa mpinzani wa Alabama, alisema kwamba Alabama walikuwa wawakilishi wa Kusini yote. Waliokuwa wakizomeana mwezi wa Novemba walipigiana makofi mwezi wa Januari.

Walakini fahari ya namna hiyo yapaswa kutazamwa kwa makini. Kumpigia makofi jirani anapomshinda mgeni ni jambo rahisi. Hakumgharimu mtu kitu. Ushindi wa mwaka wa 1926 haukuzifanya Alabama na Auburn zicheze pamoja hata mchezo mmoja, wala haukumaliza ugomvi wa dola 34. Ilipita miaka mingine 22 kabla ya jambo hilo kutengenezwa, na halikutengenezwa kwa shangwe, bali kwa mazungumzo. Mwaka wa 1947 Baraza la Wawakilishi la jimbo lilipitisha azimio la kuvihimiza vyuo vishindane tena. Mwaka uliofuata wakuu wa vyuo vyote viwili walikutana, wakazungumza, wakapatana.

Asubuhi ya tarehe 4 Desemba 1948, viongozi wa wanafunzi wa pande zote mbili walikwenda katika bustani moja mjini Birmingham, wakachimba shimo, wakazika shoka. Kwa desturi waliyoirithi Wamarekani kutoka kwa wenyeji wa asili wa nchi ile, kuzika shoka ni kuzika vita. Mchana ulipofika Alabama wakashinda kwa pointi 55 kwa 0. Ingekuwa rahisi kwa Auburn kuondoka kwa hasira na kulifukua shoka. Hawakufanya hivyo. Walirudi mwaka wa 1949, wakashinda kwa pointi 14 kwa 13. Tangu mwaka ule wa 1948 mchezo huo haukukosa kuchezwa hata mwaka mmoja. Wenyewe huuita Iron Bowl, yaani Bakuli la Chuma, kwa sababu Birmingham ulikuwa mji wa viwanda vya chuma.

Liko jambo jingine ambalo haifai kulipita. Watu waliposema kwamba timu ni ya jimbo zima, hawakumaanisha watu wote wa jimbo. Mwaka wa 1926, na hata mwaka wa 1948, mtu mweusi wa Alabama hakuruhusiwa kusoma katika chuo chochote kati ya hivyo viwili, wala kuchezea timu yake. Alilima pamba na kuchimba makaa, lakini hakuhesabiwa katika fahari ile. Tarehe 11 Juni 1963 Gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa jengo la Chuo Kikuu cha Alabama ili kuwazuia wanafunzi wawili weusi, Vivian Malone na James Hood, wasiandikishwe. Serikali ya Rais Kennedy ilimlazimu kuondoka, nao wakaingia siku hiyohiyo. Auburn ilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi, Harold Franklin, mwezi wa Januari 1964.

Viwanja vya mpira vilichelewa zaidi. Tarehe 12 Septemba 1970 timu ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, yenye wachezaji weusi kwa weupe, ilikuja Birmingham ikaishinda Alabama kwa pointi 42 kwa 21. Kijana mweusi Sam Cunningham ndiye aliyewatesa sana walinzi wa Alabama siku ile. Mwaka huohuo James Owens alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika timu kubwa ya Auburn, na mwaka wa 1971 Wilbur Jackson na John Mitchell wakaichezea Alabama. Tangu hapo ndipo neno timu ya jimbo lilipoanza kuwa na maana yake kamili. Mark Ingram wa Alabama alipata tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani, mwaka wa 2009. Mwaka wa 2010 tuzo hiyo ikapewa Cam Newton wa Auburn. Vijana wawili weusi, mmoja kutoka kila upande, waliiletea Alabama heshima ambayo wazee wao walikatazwa hata kuitafuta.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya mavuno makubwa. Alabama ilitwaa ubingwa wa vyuo wa msimu wa 2009, Auburn wa msimu wa 2010, kisha Alabama tena wa misimu ya 2011 na 2012. Kwa misimu minne mfululizo kombe halikutoka katika jimbo hilo moja, lililokuwa wakati huo na watu wasiozidi milioni tano. Mtu angedhani kwamba neema hiyo ingeondoa chuki yote. Haikuwa hivyo. Auburn waliposhinda Iron Bowl ya mwaka wa 2010 kwa pointi 28 kwa 27, baada ya kuachwa nyuma kwa pointi 24, shabiki mmoja wa Alabama alikwenda usiku akatia sumu miti miwili ya mialoni katika pembe ya barabara mjini Auburn. Watu wa Auburn walikuwa na desturi ya kukusanyika chini ya miti hiyo kila waliposhinda na kuitupia karatasi nyeupe kwa shangwe. Miti ile ilidhoofika, ikakatwa mwezi wa Aprili 2013. Mkosaji alikiri kosa lake mahakamani akafungwa.

Basi hapo ndipo watu walipojulikana. Mashabiki wengi wa Alabama waliona aibu kwa tendo lililofanywa kwa jina lao. Hawakutosheka na kusema kwamba si wao. Walichanga fedha zao wenyewe ili miti ya wapinzani wao itibiwe.

Malipo ya wema huo yalikuja upesi, tena kwa njia ya msiba. Tarehe 27 Aprili 2011 tufani kali iliupiga mji wa Tuscaloosa na kuendelea hadi Birmingham. Katika njia ya tufani hiyo moja walikufa watu zaidi ya 60, na katika jimbo zima siku hiyo walikufa zaidi ya 230. Wanafunzi sita wa Chuo Kikuu cha Alabama walikuwa miongoni mwao. Nyumba zilifagiliwa zikabaki misingi mitupu. Ndipo mashabiki wa Auburn walipounda chama cha msaada, wakakiita Toomer's for Tuscaloosa, kwa jina la ile pembe ya barabara ambako miti yao ilikuwa ikifa kwa sumu. Waliitana kwa njia ya Facebook, wakakusanya maji, chakula, nguo na vifaa vya kuondolea vifusi, wakavipeleka katika mji wa mahasimu wao. Hakuna aliyeuliza kwanza mwenye njaa anashabikia timu gani.

Mambo haya mawili, sumu ya miti na msaada wa tufani, yalitokea katika muda wa miezi michache, baina ya watu walewale. Ushindani ni mmoja, lakini humfunulia kila mtu kilichomo moyoni mwake. Mwenye chuki hupata kisingizio cha kuharibu. Mwenye utu hupata jirani anayemfahamu vizuri, na siku ya shida hajui tu njia ya kwenda kwake, bali anajua pia ni nini kimepotea.

Hata Kenya ina sehemu yake katika fahari ya jimbo hilo. Mwezi wa Machi 2021 Mercy Chelangat, binti wa Kenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Alabama, alishinda mbio za nyika za vyuo vya Marekani akiwa amevaa sare ya chuo hicho. Mlango uliozuiwa na gavana mwaka wa 1963 ndio mlango wa chuo ambacho binti huyo alikiletea ushindi.

Kila mwaka, mwishoni mwa Novemba, timu hizo hukutana tena. Nyumba hugawanyika, mume upande huu na mke upande ule, na kesho yake aliyeshindwa huvumilia utani. Wala haifai kutamani kwamba utani huo uishe, kwa kuwa mchezo usio na mpinzani si mchezo. Linalofaa kutamaniwa ni kwamba shoka libaki lilipozikwa. Basi msikilizaji atakayekwenda uwanjani Jumamosi ijayo aishangilie timu yake kwa sauti yote aliyo nayo, na mchezo ukiisha amtazame yule aliyekaa upande wa pili. Huenda ndiye atakayekuja na maji na chakula siku tufani itakapopiga.