Swichi ya Funguo: Tupime Kabla ya Kukata Nyaya

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa mafundi wa pikipiki na waendeshaji wa boda boda hapa Kakuma. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni swichi ya funguo kwenye pikipiki zilizozeeka. Ni kitu kidogo, lakini kikiharibika pikipiki nzima inalala, na siku hiyo nyumbani hakuna pesa ya mboga.

Mnajua desturi iliyopo. Pikipiki ikikataa kuwaka, fundi anatoa koleo, anakata nyaya chini ya usukani, anazisokota, anafunga tepu, injini inawaka, mteja analipa. Kazi hiyo tunaiita kuunga dairekti. Mimi siipendi, na nitaeleza sababu. Lakini kwanza tujue swichi yenyewe inafanya nini, maana si kila swichi inafanya kazi ile ile.

Kuna jamaa mbili. Jamaa ya kwanza ni pikipiki ambazo cheche ya plagi inatokana na magneto, bila kutegemea betri. Yamaha AG 100, Yamaha DT 125 na Honda XL 125 nyingi ni za namna hii. Hapa swichi ya funguo haipeleki moto kwenye plagi hata kidogo. Kazi yake ni kuzima. Ukizima, swichi inaunganisha waya wa magneto na bodi, yaani chuma cha pikipiki, na cheche inakufa. Ukiwasha, inawatenganisha. Jamaa ya pili ni zile zinazotegemea betri, kama Honda CB za zamani zenye platini. Hizo swichi inachukua moto wa betri na kuupeleka kwenye koili. Swichi ikiwa haigusi, hakuna cheche.

Ukielewa tofauti hiyo, umemaliza nusu ya kazi. Ukichomoa soketi ya swichi kwenye jamaa ya kwanza, injini itaweza kuwaka. Ukiichomoa kwenye jamaa ya pili, itakuwa imekufa kabisa.

Utazitambuaje? Tazama nyaya zinazotoka kwenye swichi. Kwenye Honda, waya mwekundu ni wa betri, mweusi ni moto unaotoka baada ya kuwasha, wa kijani ni bodi. Ukiona pia waya mweusi wenye mstari mweupe umeingia kwenye swichi ya funguo pamoja na ule wa kijani, hiyo ni ya magneto. Kwenye Yamaha, mwekundu ni wa betri, wa kahawia ni moto uliowashwa, mweusi ni bodi, na mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia. Angalieni sana Suzuki: huko mweusi wenye mstari mweupe ni bodi! Fundi aliyezoea Honda anaweza kupotea hapo siku nzima. Tena pikipiki iliyopita mikononi mwa watu watano huwa na nyaya za rangi yoyote iliyopatikana dukani, kwa hiyo rangi ni mwanzo wa kupima, si mwisho.

Sasa mgonjwa ameletwa. Usianze na swichi. Anza na fyuzi, kisha vichwa vya betri, kama vimelegea au vimeota ule unga mweupe. Halafu ile swichi nyekundu ya kuzimia injini iliyoko mkononi. Vumbi letu linaingia humo kuliko mahali pengine popote, na mara nyingi mtoto ameichezea tu. Isukume huku na huku mara ishirini kabla ya kufungua chochote. Kisha fuata soketi ya nyaya, ambayo kwa kawaida imefichwa ndani ya bakuli la taa ya mbele au chini ya tangi. Ichomoe, itazame. Ukikuta kutu ya kijani au plastiki iliyoyeyuka, umeshapata.

Baada ya hapo, washa ufunguo na ukate usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia, huku unatazama taa ndogo ya kijani ya nyutro. Ikizima na kuwaka, au injini ikifa kila ukikata kona, kwa kawaida swichi haina kosa. Ni waya umekatika ndani ya ngozi yake, au, ikiwa ni injini ya magneto inayokufa, waya wa kuzimia umechubuka na unagusa bodi, pale shingoni ambapo nyaya zinakunjwa kila siku. Waya uliokatika kwa nje ni mzima, ndani shaba imevunjika. Uvute taratibu: mahali palipokatika panarefuka kama mpira. Kwa pikipiki zetu kuukuu naona kosa hili mara nyingi kuliko swichi iliyokufa kweli.

Kama huna mita, tengeneza taa ya kupimia kwa balbu ya indiketa na nyaya mbili. Angalia betri kwanza: yenye vizibo vitatu ni ya volti 6, yenye sita ni ya volti 12, na balbu iwe ya volti hizo hizo. Kwa moto wa betri, waya mmoja wa balbu uguse bodi, mwingine uguse waya mwekundu unaoingia kwenye swichi. Kisha gusa ule unaotoka, ufunguo ukiwa umewashwa. Balbu ikiwaka sana upande wa kuingia na hafifu upande wa kutoka, swichi inakula moto, meno yake ya ndani yameungua.

Kwa waya wa kuzimia wa magneto usitumie taa hiyo. Chomoa soketi, piga kiki huku plagi imelazwa kwenye chuma cha injini, mbali na petroli. Cheche ikirudi, kosa liko kwenye swichi au waya wake. Isiporudi, iache swichi, ukatafute kwenye koili au kile kisanduku cheusi tunachokiita sidiai. Na wakati wa kupiga kiki usiushike ule waya kwa mkono, unapiga vibaya. Jueni pia kwamba injini iliyowaka hivyo haitazimwa na ufunguo. Funga koki ya petroli, au tia gia kubwa, shika breki na uachie klachi polepole.

Kuhusu kutengeneza. Waya uliokatika, kata sehemu mbovu yote, ongeza kipande ili usivutike usukani ukigeuka, lehemu kwa risasi, vika ngozi ya mpira wa tyubu ya baiskeli. Swichi yenyewe, ifungulie ndani ya beseni au juu ya kitambaa, maana ndani kuna springi na kigololi, na vikirukia mchangani humvipati tena. Meno ya shaba yakiwa meusi, yasugue kidogo kwa msasa laini, yafute, paka grisi chembe tu. Tafadhali msimimine oili ya injini kwenye tundu la ufunguo. Oili inakusanya vumbi, na baada ya mwezi mmoja ni matope. Ufunguo ukiwa mgumu, usugue na penseli, uingize na kutoa mara chache.

Sasa niseme kwa nini siipendi dairekti. Waya mwekundu wa betri unapita chini ya tangi la petroli. Ukiunganishwa bila fyuzi, au na karatasi ya sigara badala ya fyuzi, siku ngozi yake itakaposuguliwa na chuma, utawaka. Juu yake kuna petroli, na nyuma amekaa mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku. Tepu ikilegea katikati ya laga, injini na taa vinaweza kufa kwa pamoja, na huko hakuna wa kukusaidia. Hata isipofika huko, betri itaisha kwa sababu hakuna cha kuzima, na kijana yeyote ataipanda na kuondoka nayo.

Ikiwa swichi haipatikani au fedha hazijatimia, fungeni swichi ya kawaida ya kupandisha na kushusha, ile ya bei ndogo, na fyuzi ibaki mahali pake. Kwa magneto kumbukeni inafanya kazi kinyume: ikiunganisha ndiyo inazima. Siku ya kununua swichi mpya, nenda na ile ya zamani mkononi, hesabu nyaya, linganisha soketi. Zinafanana sana kwa uso.

Neno moja zaidi, kwa mafundi peke yao. Mtu usiyemjua akileta pikipiki ambayo tundu la ufunguo limevunjwa kwa bisibisi, na anataka haraka haraka, ulize logbuku au muulize anamjua nani hapa mtaani. Kama hana jibu, mrudishie kazi yake. Polisi wakija watamkuta fundi na nyaya mkononi, na mwenye kuileta hatakuwepo.

Maswali tuyachukue sasa. Halafu twendeni nje tuifungue ile AG 100 iliyoegeshwa hapo, mwenyewe anasema inazima kila akikata kona ya kushoto.