Kabla Mpira Haujamfikia: Namna ya Kumpima Winga Kijana

Mada kwa semina ya walimu wa michezo na makocha wa vijana, Iringo, Musoma



Karibu sote tumewahi kufanya hivi. Tunakwenda kuangalia mechi ya vijana, mtoto wa pembeni anampiga beki chenga mbili, uwanja unalipuka kwa kelele, nasi tunafungua daftari: "Ana kasi, ana mguu." Basi, tumemaliza. Naamini hapo ndipo tunapowapoteza mawinga wengi wa mkoa huu. Tunambeba asiyestahili, tunamwacha aliyestahili, na wote wawili tumewahukumu kwa kelele za watazamaji.

Kasi tunaipenda kwa sababu inapimika. Wamarekani, katika ule mpira wao wa kubeba mikononi, wana mchezaji anayefanana na winga: anakimbia pembeni ili apokee pasi ndefu nyuma ya mabeki. Nao humpima kwa mbio za yadi 40. Jerry Rice, mmoja wa wapokeaji hao, hakuwa miongoni mwa wenye kasi kubwa, na mwaka 1985, timu za ligi yao zilipochagua wachezaji wapya, yaliitwa majina 15 kabla ya lake. Alistaafu akiwa na yadi 22,895 za kupokea, na hadi leo hakuna aliyemfikia. Alijua aanze lini, apunguze wapi, amhadae beki kwa bega gani.

Kwetu, mtazameni Simon Msuva. Akitokea pembeni, aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2014/15 akiwa na Yanga, kwa mabao 17, na mwaka 2017 akaenda Difaa El Jadida ya Moroko. Rudieni bao lake dhidi ya Zambia kwenye AFCON, Januari 2024, aliposetiwa na Samatta. Shuti liacheni. Tazameni mbio zake.

Nitawaeleza habari za kijana mmoja niliyemfuatilia hapa Musoma, winga wa kushoto, jezi imechanika begani. Kwa dakika kumi za mwanzo aligusa mpira mara tatu, na mara zote tatu akanyang'anywa. Jirani yangu akasema huyu hamna kitu. Lakini mimi nilikuwa namwangalia shingo. Kila mpira ulipokuwa kwa kiungo, aligeuka kumtazama beki wake, akageuka tena kutazama nafasi iliyo nyuma ya beki huyo. Mara ya nne hakuungoja mpira miguuni. Alisogea hatua mbili kumwelekea kiungo, beki akamfuata, naye akageuka ghafla na kukimbilia nyuma yake. Pasi haikuja. Kiungo hakumwona. Mtoto hakumfokea mwenzake wala hakushika kiuno, alirudi kukaba. Katika daftari langu, mbio zile ambazo hazikupata pasi zilizidi chenga zote za siku ile.

Mguso wa kwanza nao unasema mengi. Winga mzuri akipokea, mpira unakwenda anakotaka kwenda. Asiyeiva anausimamisha kwanza, halafu ndiyo anafikiri, na beki amekwishafika. Krosi pia: je, anainua kichwa kabla ya kupiga, au anamimina tu na kuomba Mungu? Hapa kwetu upepo wa ziwani ukianza, majalo ya juu yanapotea. Kijana anayeuona upepo na kuamua kupiga pasi ya chini kurudi nyuma, huyo ana akili ya mpira.

Suala la umri linaniuma. Aliyebalehe mapema anawapita wenzake kwa misuli, na miaka mitatu baadaye wanakuwa wamemfikia. Na wapo tunaowapunguzia umri wenyewe, tukijua. Mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walikwenda AFCON ya vijana kule Gabon kuchukua nafasi ya Kongo Brazzaville, iliyoshindwa kumleta mchezaji wake kupimwa mifupa ya kifundo cha mkono kwa MRI ili kuthibitisha umri wake. Tulifurahia nafasi ile. Basi na sisi tuandike umri wa kweli. Andikeni pia kama mtoto amekwishaota ndevu, kama bado anarefuka, na urefu wa wazazi wake ikiwezekana.

Tangu Biashara United, timu ya hapa kwetu, ishuke kutoka Ligi Kuu mwaka 2022, watoto wetu hawana tena dirisha lile la nyumbani. Mwalimu anayeongoza timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kutoka Bunda au Butiama ndiye skauti wao, apende asipende. Kwa hiyo naomba tusimpitishe wala kumkata mtoto kwa mechi moja. Mechi tatu: moja timu yake ikishinda, moja ikifungwa, moja akipangwa dhidi ya beki mkubwa kuliko yeye.

Mchana huu tutakwenda uwanjani. Kila mmoja atapewa mchezaji mmoja wa pembeni na atakaa upande wake kwa dakika 20. Mpira ukienda upande wa pili, msigeuke.