Kuiponya Ardhi Iliyochimbwa

Mtaro wa bomba la maji huleta furaha nyumbani. Mama hapandi tena mlima na mtungi mgongoni, na watoto huwahi shuleni. Lakini mafundi wakiisha kwenda zao, huacha nyuma yao mstari mwekundu usio na hata jani moja. Watu wengi husema, "Ni majani tu, yatarudi yenyewe." Pengine hurudi. Lakini katika nchi ya miteremko kama Machakos, mara nyingi mvua huufikia mstari ule kabla ya majani, na mtaro uliochimbwa kwa siku mbili hugeuka korongo.

Jambo hili si geni Ukambani. Katika miaka ya 1930 vilima vingi vya Machakos vilikuwa vitupu, na udongo wake ulichukuliwa na mito. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliwanyang'anya watu ng'ombe, ikisema kwamba mifugo imezidi. Umati mkubwa ukiongozwa na Muindi Mbingu ulikwenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana. Mbingu alihamishwa Lamu, lakini uuzaji wa ng'ombe kwa nguvu ulikomeshwa. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, wakachukia. Katika miaka ya 1950 kazi hiyo ilishika mizizi zaidi ilipofanywa na vikundi vya mwethya, chini ya viongozi waliochaguliwa na wenyewe, na majani yakapandwa juu ya matuta. Tiffen, Mortimore na Gichuki walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1994 ya kwamba watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano tangu mwaka 1932, na hata hivyo mmomonyoko ulipungua. Basi jembe laweza kuiua ardhi, tena laweza kuiponya. Tofauti ni kazi inayofuata baada ya kuchimba.

Kazi yenyewe huanza kabla ya kuchimba. Yafaa majani yakatwe kwa mabonge pamoja na mizizi yake, yawekwe kivulini na kunyunyiziwa maji. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja wa mtaro, na ule wa chini upande wa pili. Udongo wa juu ndio wenye mbegu, majani yaliyooza na vijidudu vinavyolisha mimea. Ule wa chini ni mgumu na hauna chakula. Ukichanganywa, au wa chini ukawekwa juu, majani hudumaa kwa miaka.

Bomba likiisha kulazwa, udongo wa chini hutangulia kurudishwa, nusu futi kwa nusu futi, na kila tabaka hushindiliwa. Udongo uliotupwa ovyo huacha mapango, na maji hupita humo yakifuata bomba. Penye mteremko, mistari ya mawe ipangwe kukata mtaro ili kuyapunguza maji mwendo. Mwisho udongo wa juu hutandazwa, uinuke kidogo kuliko ardhi ya kando, kwa sababu utashuka mvua zikinyesha.

Mabonge yasipotosha, ukoka wafaa sana, maana hutambaa na kutoa mizizi katika kila kifundo. Vipande vyenye vifundo viwili au vitatu hupandwa futi moja moja, mwanzoni mwa mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Machakos hutegemewa kuliko zile za Machi hadi Mei. Majani makavu yakitandazwa juu yake, jua halitakausha udongo, wala matone hayataupiga ukawa gamba gumu.

Adui wa mwisho ni mbuzi. Matawi ya miiba yazungushiwe mahali hapo mpaka mizizi ishike. Kuijua siku hiyo si vigumu: shina livutwe taratibu kwa mkono, likikataa kutoka, mizizi imeshika. Hata hivyo majani yaachwe yafunike udongo wote kabla mifugo haijaruhusiwa.

Kazi hii yote haimalizi hata wiki moja, na haihitaji chombo ila jembe, sururu na subira. Korongo likiisha kufunguka, kijiji kizima hakitoshi kulijaza. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.