Kijana wa Itigi na Simba wa Singida

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotusumbua sisi waalimu kwa muda mrefu, nalo ni hili: mtoto akionekana mahali palipotendeka uovu, sisi watu wazima huuliza nini kwanza?

Wengi wenu mwaijua Itigi, hata kama hamjapata kushuka pale. Ni stesheni ya Reli ya Kati, mbele ya Manyoni kwa msafiri atokaye Dodoma kwenda Tabora. Kandokando yake mna vichaka vilivyosongamana sana, hata mtu akiacha njia hatua chache haonekani tena.

Huko tulikuwa na mwanafunzi wa miaka 14. Baba yake alikuwa amefariki, naye akakaa kwa mjomba wake, katika nyumba yenye watoto wengi na chakula kidogo. Kwanza alianza kuchelewa, kisha akawa akisinzia darasani, na mwisho hakuja kabisa. Sisi tuliandika neno "mtoro" katika daftari la mahudhurio, tukaendelea na somo. Hatukwenda kwao kuuliza.

Usiku mmoja duka liliibwa. Asubuhi mlango ulikutwa umefungwa na kufuli ni zima; ila dirisha dogo la nyuma, ambalo mtu mzima hawezi kupitisha mabega yake, lilikuwa wazi. Majora ishirini ya nguo yalikuwa hayapo. Siku ya pili yule kijana alionekana amevaa shati jipya. Alipoulizwa alinyamaza. Wengine wakasema kunyamaza kwake ndiko kukiri. Wengine wakasema ana dawa ya kupenya kuta. Fimbo zilikuwa zimekwisha kukatwa.

Hapo mzee mmoja, aliyekuwa kibarua wa reli siku za ujana wake, akainua mkono akasema: "Haya, na tuseme mtoto huyu ndiye aliyeingia. Majora ishirini, nani aliyapokea nje, na nani aliyachukua?" Watu wote wakanyamaza. Kijana akaanza kulia, akawataja watu wazima wawili waliokuwa wakimpa chakula tangu njaa ilipoingia nyumbani kwao. Alinyamaza kwa sababu walimwambia kuwa akisema atauawa. Polisi walipokwenda kwa watu hao, nguo zilikutwa kwao.

Labda mtauliza, habari ya wizi wa duka ina maana gani kwa wasikilizaji walio mbali? Tumeileta kwa sababu nchi ile ile ya Singida imepata kuona jambo kama hilo, tena kubwa na la kutisha zaidi. Kati ya mwaka 1946 na 1948, katika nchi ya Wanyaturu, watu wengi waliuawa, na miili yao ilikutwa na majeraha kama ya makucha ya simba. Ilisemwa kuwa wauaji si simba wa porini, bali ni "watu-simba": vijana walioibwa au kununuliwa wangali wadogo, wakafichwa mbali na watu, wakavikwa ngozi na makucha, kisha wakakodishwa kwa mtu mwenye kisasi. Polisi walipeleleza, watu wakashitakiwa mahakamani, na wengine wakaonekana na hatia ya kuua. Hata hivyo jambo lile halikuisha kujadiliwa. Mwaka 1962 Harold Schneider, mtaalamu Mmarekani aliyekuwa amekaa kati ya Wanyaturu, alichapisha makala ya kuzipima upya habari hizo.

Sisi hatutaki kuamua leo ni vifo vipi vilivyokuwa vya simba na vipi vilivyokuwa vya mtu. Twataka mwangalie neno moja tu. Hata katika masimulizi yenyewe, kijana yule hakujigeuza simba. Alikuwapo aliyemwiba kwao, alikuwapo aliyemvika ngozi, na alikuwapo aliyetoa fedha. Lakini watu waliposimulia kwa hofu, jina lililobaki midomoni ni la mnyama, wala si la wale waliomtuma. Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ni njema kwa kutuonya, lakini haifai kuwa shahidi.

Sheria nayo imeliona jambo hili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania yasema kuwa mtoto aliye chini ya miaka 10 hawezi kuhesabiwa ana kosa la jinai. Tena yasema kuwa mtu anayemshawishi mwingine kutenda kosa, au anayemsaidia, naye huhesabiwa mtendaji wa kosa hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka Mahakama ya Watoto kwa walio chini ya miaka 18, nayo imekataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Anaweza kupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, mkoani Mbeya, apate mafunzo na malezi. Hatusemi kwamba mtoto akikosa aachwe tu. Alipe kwa kadiri ya kosa lake, wala asilipe deni la mtu mwingine.

Basi twawaomba ninyi wazazi, na sisi waalimu twajiambia pia: mtoto akianza kusinzia, au akipata kitu kipya asichoweza kukinunua, tusingoje duka livunjwe. Tumwulize kwa upole, faraghani, amekula wapi na amelala wapi. Na uovu ukitokea, tumpeleke kwa watu wa sheria na wa ustawi wa jamii, wala tusimpeleke kwenye fimbo. Mtoto aliyepigwa atakubali lo lote mnalomwambia, na aliyemtuma atakuwa amesimama katikati yenu akitazama.

Kijana wetu alirudi darasani mwaka uliofuata. Hakupata kuwa wa kwanza katika masomo, ila kila asubuhi tulipoita jina lake aliitika. Nasi siku hizi, jina likiitwa mara tatu pasipo jibu, twakwenda kwao.