Bahari za Tropiki na Unyevu wa Stratosfia



Mwaka 1949 mwanafizikia wa Uingereza, Alan Brewer, baada ya kuuchungua unyevu uliopimwa kwa ndege katika anga ya juu ya Uingereza, aliiona hewa ya stratosfia kuwa kavu kupita kiasi, wala hakupata sababu ya kuridhisha ila moja: kwamba hewa hiyo ilipanda kutoka tropiki, ikapita mahali penye baridi kali mno, na mvuke wake ukaganda ukawa barafu. Hoja hiyo haijatanguka hadi leo. Mahali hapo, ndipo mpaka wa kuingilia stratosfia, ulioko takriban kilomita 17 juu ya Ikweta, una baridi ya kiasi cha nyuzi 80 chini ya sifuri, na hewa iliyokwisha kuuvuka haibaki na zaidi ya molekuli 4 hivi za maji katika kila milioni.

Bahari nayo ina amri juu ya baridi ile. Aghalabu maji yenye joto kuliko yote hukusanyika magharibi ya Pasifiki, kuelekea Indonesia, na mawingu ya radi yapandayo hapo huacha juu yao baridi isiyo na mfano. Lakini El Niño ikisimama, joto huhamia mashariki, mawingu hulifuata, na ramani nzima ya baridi hugeuka. Hapa inafaa tusiharakishe kuhukumu, kwa maana El Niño hiyohiyo huikaza nguvu ya hewa inayopanda, jambo ambalo huipoza stratosfia ya chini, na pepo za Ikweta katika stratosfia, zinazotimiza mzunguko wa kugeuka na kurejea kwa miezi 28 hivi, huweza kuizidisha athari hiyo au kuibatilisha. Hata hivyo El Niño ya 1997 na 1998, ambayo sisi wa Afrika Mashariki twaikumbuka kwa gharika zake, iliuongeza mvuke ule.

Baada ya mwaka 2000 mvuke wa stratosfia ulipungua ghafula kwa takriban asilimia 10. Na kwa kuwa mvuke huo hunasa joto, mwanakemia wa anga Susan Solomon na wenzake, katika uchunguzi wao wa 2010, walikadiria kwamba upungufu huo ulipunguza kasi ya ongezeko la joto la ardhi kwa kiasi cha robo katika muongo uliofuata. Kitu haba namna hii, na athari yake ndiyo hiyo!

Tumeyajua haya kwa subira ya watu wa Boulder, Colorado, ambao tangu 1980 hurusha baluni zenye kioo kidogo kinachopozwa hadi jalidi itande juu yake, kwani vipima-unyevu vya kawaida havifai katika ukavu ule. Nairobi nako hurushwa baluni za kupima ozoni, karibu kabisa na Ikweta, chini ya mlango wenyewe wa hewa hiyo. Naiomba semina hii iazimie kwamba baadhi ya baluni hizo zichukue na kioo cha jalidi, kwa miaka isiyokatika, na hesabu zake ziwekwe wazi kwa wanafunzi wa vyuo vyetu.